Mkuu, hizo tiketi za mechi ya Arsenal, uwanja wa Emirates, usizilipie

USILIPE. Narudia, usilipe hata nusu.

Nimesoma uzi wako wa hapa jukwaani nikiwa kwenye basi nikitoka kazini, nikapitilizwa kituo. Unataka kumleta mzee kutoka Tanga aione Arsenal kwa macho yake, umeshapata "ndugu yetu" wa kwenye grupu la WhatsApp mwenye tiketi mbili, na unauliza kama ada ya asilimia 20 ya tovuti anayouzia ni ya haki, hoteli gani nafuu, na treni ya kutoka uwanja wa ndege wa Heathrow. Hoteli isubiri.

Mimi nilipigwa hapo hapo unapoelekea. Mjomba wangu ni Arsenal tangu enzi za Kanu, kaja Uingereza mara ya kwanza, nami nikataka sifa. Dalali mwenyewe Mswahili safi, shikamoo haimkauki mdomoni, kila sentensi "usijali kaka". Akanipa linki ya tovuti ya kuuza tiketi za mkono wa pili. Bei ya mwanzo pauni 240 kwa kiti. Nikabofya, nikajaza majina, nikajaza kadi, na ukurasa wa mwisho ndiyo zikaibuka: ada ya huduma, ada ya kushughulikia oda, halafu ada ya kusafirisha tiketi. Kusafirisha! Tiketi ya simu inasafirishwa na nini, punda? Juu ya hapo dalali naye akataka cha juu chake, eti ya vocha. Kwa watu wawili ikapita pauni 600, na bei ya klabu kwa viti vile haikufika mia kwa kimoja. Nililipa nikitabasamu kama bwana harusi.

Siku ya mechi mjomba kavaa koti langu, mikono imemeza vidole, skafu mpya shingoni. Emirates hakuna karatasi, unagusisha simu kwenye mashine ya geti. Nikagusisha. Nyekundu. Nikafuta kioo cha simu kwa shati, nikagusisha tena. Nyekundu. Binti wa getini akasoma jina kwenye tiketi, akaniangalia, akasoma tena. Tiketi ilikuwa ya mwanachama mmoja bibi wa Kizungu, na mimi na ndevu zangu hizi sikuweza kumshawishi mtu. Kwenye ofisi ya tiketi wakasema akaunti ile imefungwa kwa ulanguzi, tiketi imefutwa, na hela nimdai aliyeniuzia. Mechi tukaishia kuiangalia kwenye mgahawa barabara ya Holloway, na kwa kuwa TV inachelewa, kelele za goli tulizisikia kutoka uwanjani kabla mpigaji hajapiga. Mjomba akasema, "Angalau tumejua matokeo mapema." Aliisema kwa upole, na upole wake ndio ulioniua.

Dalali? "Kaka mtandao unasumbua, nakupigia." Mpaka leo mtandao unasumbua. Tovuti nayo ikataka "uthibitisho wa kukataliwa getini". Sijui nilitakiwa nipige selfi na yule binti.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia: England na Wales, kuuza tiketi ya mpira bila idhini ni jinai, kifungu cha 166 cha sheria ya mwaka 1994. Hata akiuza bei ile ile aliyonunulia. Tiketi za muziki ni habari nyingine, huko serikali ilitangaza Novemba 2025 kwamba itapiga marufuku kuuza zaidi ya bei ya awali, na ada za tovuti nazo ziwekewe kikomo. Kwa mpira hakuna cha kusubiri. "Ndugu yetu" anavunja sheria ya 1994 huku anakuita kaka.

Kuhusu haki ya ada, nitakujibu kwa mfano wa wakubwa. Kombe la Dunia la 2026, soko rasmi la FIFA la kuuziana tiketi lilikata asilimia 15 kwa muuzaji na 15 kwa mnunuzi. Tiketi ikiwekwa dola 1,000, wewe unatoa 1,150, muuzaji anapata 850, na 300 zinabaki kwa mwenye soko, ambaye tiketi hiyo hiyo alishaiuza mara moja. Ada ikiwa asilimia ya bei ya kulangua, nani atamzuia mlanguzi? Anayetakiwa kumzuia anakula naye sahani moja. Ada ya haki ni ndogo, haipandi, na unaiona kabla hujatoa kadi.

Kwa hiyo: risiti isipokuwa na jina la klabu, huna tiketi. Una picha. Wewe na mzee kila mtu ajiunge uanachama kwenye tovuti ya Arsenal kwa jina la kwenye pasipoti, muingie kwenye bahati nasibu ya tiketi, mkikosa mvizie soko la klabu ambako wenye viti vya msimu wanarudisha viti kwa bei ya kawaida. Mkikosa na huko, kuna vifurushi vya klabu vya chakula na kiti. Ghali, lakini mlango unafunguka. Na usikate tiketi ya ndege kabla ya hii.

Treni ya Heathrow ni ile ya chini ya ardhi, laini ya Piccadilly, inakupeleka moja kwa moja mpaka kituo cha Arsenal. Hoteli sijui, mimi nakaa Luton, nje ya London.

Huyo dalali wako, nitumie namba yake kwa ujumbe wa faragha. Kama inaishia na 47, usimwambie kitu, mimi nina maongezi naye.