Hati ya kumkamata mtu asiyejulikana

Je, mtu anaweza kushtakiwa wakati hajulikani ni nani? Ndiyo, inawezekana: Marekani mtu anaweza kufunguliwa mashtaka kabla jina lake halijajulikana. Lakini si kwa kuandika tu "John Doe", jina la bandia la mtu asiyejulikana, halafu polisi wakajaze wenyewe baadaye. Katiba yao inataka hati imtaje mtu kwa namna isiyoweza kumwangukia mwingine, na hilo jina la bandia peke yake halimtambulishi mtu.

Ujanja uliopatikana ni vinasaba (DNA). Mwaka 1999, mwendesha mashtaka wa Milwaukee, Norman Gahn, alifungua kesi ya ubakaji dhidi ya wasifu wa vinasaba, siku chache kabla muda wa kisheria wa kushtaki kwisha. Penye jina panakaa "John Doe", kisha maelezo ya alama za kijenetiki zilizopimwa kwenye sampuli. Hati ikishatoka, saa ya muda huo inasimama. Mhusika akija kunaswa miaka kadhaa baadaye kwa kosa jingine na sampuli yake ikalingana, hawezi kujitetea kwamba muda umepita.

Mahakama ya Juu kabisa ya California iliukubali utaratibu huo mwaka 2010, katika kesi ya Robinson. Mauaji hayahitaji haya yote, kwa kawaida hayana ukomo wa muda wa kushtaki.

Mimi kinachonisumbua ni upande wa utetezi. Mtu hajui kuwa ameshtakiwa; miaka inapita, shahidi wake anafariki, yeye mwenyewe hakumbuki usiku ule alikuwa wapi. Vinasaba vinaonyesha ni nani, ila havisemi kama kulikuwa na ridhaa.