Barua kwa mwanangu: yule rafiki yako na mdomo wake

Mwanangu,

Ujumbe wako kutoka Kolwezi nimeusoma, nikampa mama yako, akacheka mpaka akatafuta kiti. Unauliza kama umfute rafiki yako kwenye orodha ya wageni wa harusi, kwa sababu siku ya mahari aliwasimulia wakwe zako ile proklamasio ya darasa la tano, siku ya kusoma matokeo na kumwita wa kwanza: jina la mwenzako likaitwa, ukainuka wewe, ukaenda mbele, ukampa direkta wa shule mkono. Na unasema ulikuwa umesahau kabisa.

Umesahau wewe. Sisi hatukusahau. Mama yako alikuwa ameshapiga vigelegele. Nimewaambia siku zote pale mezani: aibu haitunzwi na mwenyewe, inatunzwa na walioiona.

Nilidhani nasema habari za watu wengine, mpaka kilio cha mwalimu mwenzangu wa Katuba. Usiku ulikuwa umekwenda, nyimbo zimepoa, watu wameingia kwenye masimulizi ya kuchekesha kama kawaida ya kilio. Yule rafiki yangu mwenye sauti ya kwaya akaniita kutoka upande wa pili wa moto: "Mwalimu, tuonyeshe tena ile ya Kidiaba!" Nikauliza, ya Kidiaba ipi, yule kipa wa Mazembe? Hapo kiwanja kizima kikaangua kicheko.

Tarehe 14 Desemba 2010 unaijua. Kule Abu Dhabi, Mazembe, timu yetu ya Lubumbashi, iliifunga Internacional ya Brazili 2–0, Kabangu kwanza, kisha Kaluyituka, ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu. Hayo ninayo yote. Najua nani alitoa televisheni nje, nani alileta bia ya Simba, jenereta ilikohoa dakika gani. Nisichokuwa nacho ni kwamba Kidiaba alipoanza kushangilia kwa kurukaruka kwa makalio, mimi, mzee wa kanisa, nilishuka kwenye kiti nikiwa na suti niliyoshonewa kwa harusi ya shangazi yako, nikaruka vilevile kwenye matope hadi kwa mama muuza makala ya kupikia. Na wanafunzi wangu wapo, walewale niliokuwa nikiwafukuza uwanjani kwa mchezo huohuo!

Nilibisha. Nikasema wananichanganya na jirani. Nikamgeukia mama yako aniokoe, naye akasema: "Udongo ule mwekundu ulikataa kutoka. Nikaikata suruali." Ikawa kaptula, mwanangu. Ile ya buluu uliyovaa shuleni, pamoja na siku ya direkta.

Nilikasirika, sikufichi. Nani aliwaomba waniwekee? Lakini rafiki yangu hakuwa amemaliza. Kumbe nyuma yangu kwenye matope alikuwa marehemu mwenyewe, miwani ameishika juu isilowe, anapiga kelele nimpishe apite. Miaka yote hiyo tulisahihisha mitihani meza moja, na picha hiyo sikuwa nayo. Ningeikosa kama wangeninyamazia. Ndiyo maana nasema, inatunzwa na walioiona, na mara nyingine wanatunza na kingine ndani yake.

Lakini kilio ni kilio, mahari ni mahari. Mbele ya wakwe, ambao bado wanahesabu mbuzi? Hapo rafiki yako alivuka. Au hakuvuka, mama yako anasema baba mkwe ndiye aliyecheka kuliko wote, na kwamba tangu hapo anakuita "wa kwanza". Sijui kama hilo ni heshima au ni mzaha. Labda wewe uliyeko karibu unaona.

Basi, umfute? Harusi ni yako, na mama yako amenikataza kutoa hukumu. Ningekuwa natoa, ningesema... hapana, sisemi. Ila akija, meza yake iwe mbali na mikrofoni, na mimi mnikalishe mbali naye, maana habari yangu ya Kidiaba ataisikia tu kwa mtu.

Papa yako