Nimepata GPA ya 4.2 na baba anajua ni First Class

"Shikamoo shangazi. Mimi ni binti wa miaka 23, nimemaliza shahada ya uhasibu mwaka huu hapa Dar. Tangu mwaka wa kwanza lengo langu lilikua First Class, nilikua napiga msuli usiku kucha wenzangu wakienda bichi. Matokeo yametoka nina GPA (wastani wa pointi za kozi zote, juu kabisa ni 5) ya 4.2 yaani Upper Second, daraja linalofuata chini ya First. Mwaka wa pili niliugua taifodi kipindi cha UE (mitihani ya mwisho wa semista) nikapata C kwenye kozi ya kodi, hiyo ndo iliyoniua. Baba yangu ni mwalimu mstaafu yupo Njombe na alishawatangazia watu wa jumuiya kwamba mwanae analeta First. Alipopiga kuuliza nikamwambia 'matokeo mazuri baba', akafurahi sana, akajua ni First, na mimi sijamsahihisha mpaka leo. Niliyekua nakaa nae chumba kimoja kapata 4.5 kaweka stetasi, nimemmyuti na simu zake sipokei. Mahafali natamani nisiende. Shangazi nimefeli? Maana naona miaka mitatu imepotea. Na kwenye CV niandike GPA au niache? Binti wa Sinza."

Marahaba mwanangu.

Hujafeli. Nimeanza na hilo kwasababu umeuliza kabisa kwa kuliandika, na mtu aliefeli namjua, wewe sio yeye. Ila sitakwambia "4.2 sio mbaya" kwasababu nadhani ushaambiwa hivo na watu wengi na kila ukiambiwa unazidi kuumia, maana hiyo "sio mbaya" ni lugha ya kumpoza mtu. Wala sitakwambia GPA ni karatasi tu na mtaani haiulizwi. Wanaosema hivo wengi hawajui binti aliekesha miaka mitatu anajisikiaje akiambiwa alichokikeshea ni karatasi. Ulitaka 4.4 ambapo First inaanzia, umepata 4.2, umekosa ulichokitaka, inauma na una haki ya kuumia. Lia mwanangu. Ila kuumia kwa kukosa First ni kitu kimoja, na kujiona umefeli ni kitu kingine kabisa, na kwenye barua yako umevifunga pamoja mpaka havionekani kama ni viwili.

Sasa tuongee hiyo C, maana wewe ni mhasibu, tufanye hesabu. Umesema ndo iliyokuua. Shahada ya miaka mitatu kwetu ni krediti 360 (krediti ni uzito wa kozi), na tuseme hiyo kozi ya kodi ni ya krediti 12 kama nyingi zilivyo. C ni pointi 2, A ni pointi 5. Kama ungekua mzima siku ile, hauna taifodi, hauna homa, ukaingia ukapata A yako safi, ungeongeza pointi 3 mara krediti 12, yaani 36. Gawanya kwa 360. Ni 0.1 mwanangu. Ungekua na 4.3. Na 4.3 kwa madaraja ya vyuo vyetu bado ni Upper Second, kwasababu First inaanzia 4.4. Kwahiyo huo mtihani ulioubeba muda wote huu kama mzigo wa kuni haujakunyima kitu. Siku ulioingia kwenye UE unatetemeka ukaandika mpaka mwisho bila kuomba kuahirisha, mimi naona ulifanya kazi kubwa.

Kutoka 4.2 kwenda 4.4 ulihitaji kozi kama sita hivi zilizokaa kwenye B+ zivuke ziwe A. Na hapo ndo pana kitu ambacho wanafunzi wengi mnakijua ila mkishapata matokeo mnakisahau, kwamba mwenye 69 anaandikiwa pointi 4 na mwenye 60 nae anaandikiwa pointi hiyohiyo 4, alafu mwenye 70 anaandikiwa 5. Alama moja tu. Chukua koswek zako (alama za majaribio ya ndani ya semista) na UE zako uangalie, nina hakika kuna 67, kuna 68, labda kuna 69 kabisa humo, zote zimelala kwenye B+ kimya kimya. Sikwambii uangalie ili uanze kulia upya, nataka uone kwamba kati yako na yule mwenzako wa chumbani hakuna ukuta, mnaweza kua mmepishana alama chache chache kwenye kozi kadhaa basi, na wala hakuna mtu humo aliekua na akili na mwingine asiekua nayo.

Alafu kuna kitu kimeniuma kwenye barua yako. Umetaja C. Hujataja A hata moja. Ukipata B+ kozi zote tangu semista ya kwanza mpaka ya sita unatoka na 4.0 kamili, haizidi. Wewe una 4.2 na C juu. Kwa kozi kama 30 za uzito sawa, huwezi kufika hapo bila A kama nane hivi, na kama kuna kozi ulipata B basi A ni zaidi ya hapo. Ziko wapi kwenye hadithi yako? Za somo gani? Umesoma miaka mitatu, ukivuka hiyo mitihani unayoiogopa sijui kosti akaunti sijui takwimu, hujanitajia sapu (mtihani wa kurudia) wala kudisko (kuondolewa chuo kwa kufeli), alafu leo unaniandikia kwamba miaka imepotea. Hapana. Hilo nalikataa.

Tuje kwenye milango, maana najua usiku unapokosa usingizi hicho ndo unachokiwaza, kwamba First ingefungua na Upper Second imefunga. Iliyofungwa ipo, nisikudanganye: zile zawadi za mwanafunzi bora siku ya mahafali zinaenda kwa wenye GPA za juu kabisa, na ufadhili mwingine wanaoutoa wanapanga watu kwa GPA kuanzia juu kushuka chini. Ila ukiangalia kimoja kimoja utashangaa. Kufundisha chuo kikuu cha serikali, ile nafasi ya mwanzo ya Tutorial Assistant, kiwango kinachotajwa ni 3.8, wewe umevuka (ushindani upo, watakuja na wenye First, ila mlangoni unaruhusiwa kuingia, na kupanda kua mhadhiri msaidizi utahitaji masters yenye GPA ya 4.0 ambayo hujaianza bado). Ufadhili wa Commonwealth wa kwenda kusoma masters Uingereza wanataka angalau Upper Second. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, nao wanaongelea kiwango hichohicho, ila wao wanataka na uzoefu wa kazi usiopungua saa 2,800, ambazo ni kama miaka miwili, kwahiyo hao kwa sasa kinachokuzuia ni kazi sio GPA. Serikalini sasa, kwenye Ajira Portal, ile tovuti ya kuombea kazi za serikali, mnaitwa kwenye usaili wa mchujo mnakaa chini mnaandika mtihani mmoja, na pale anaetoka na First akifanya vibaya anabaki na wewe ukifanya vizuri unaenda kwenye mahojiano.

Tena hapo kwenye Ajira Portal nikuambie kitu maana vijana wengi kinawakwamisha huku wanalia na GPA. Yale matangazo yanasema wazi kwamba provisional rizalti, statement za matokeo na zile slipu za kidato cha nne na cha sita hazikubaliki. Wanataka vyeti. Kwahiyo kama cheti chako cha form six bado kipo shuleni kwenu kakifuate, cheti cha kuzaliwa kiangalie jina limeandikwa sawasawa na vyeti vingine, na vikitoka vya chuo usikae miezi bila kuvichukua eti kwasababu hutaki kuviona. Nakuomba sana hilo.

Na CPA, kile cheti cha kitaaluma cha wahasibu. Wewe ni wa uhasibu, unajua kabisa kwamba ukisoma matangazo ya kazi zenu CPA(T) ndo kitu kinachokimbiliwa. Mitihani yake ya NBAA, bodi ya wahasibu, ipo Mei na Novemba kila mwaka, na kule hakuna anaekuuliza ulitoka na First au na nini, unafaulu karatasi au hufaulu. Kodi ipo humo pia utakutana nayo. Ningekua wewe ningeanza na desa la kodi mapema, maana siku ile uliandika ukiwa na homa na hujawahi kujua kodi unaijua kiasi gani ukiwa mzima.

GPA kwenye CV andika. Andika "Upper Second, GPA 4.2", vyote viwili, kwasababu ukiandika Second Class peke yake anaesoma hajui ni ya juu au ya chini, na ukiacha kabisa wengi watafikiri umeficha kitu. 4.2 haifichwi.

Sasa baba. Hapa ndo nimekaa na barua yako muda mrefu, maana naona kwako hiki ndo kidonda chenyewe, hiyo 4.2 ni kama imekikwangua tu. Ulisema "matokeo mazuri baba". Hukusema uongo, ila unajua alivyoelewa na umemwacha nayo, na kila siku inayopita inakua nzito zaidi, na nahisi hutaki kwenda mahafali kwasababu hiyo zaidi ya sababu nyingine. Fikiria itakavyokua. Kwenye kitabu cha mahafali majina mara nyingi yanapangwa kwa madaraja, First juu, Upper Second inafuata. Mzee wa watu mwalimu, miwani usoni, amekaa kwenye kiti cha plastiki juani anatafuta jina la mwanae kwenye ile orodha fupi ya mwanzo, anapitisha kidole, halipo, anarudia tena. Usimfanyie hivo. Aisikie kwako.

Mpigie, usimtumie meseji, na usisubiri mpaka upate kazi ili uwe na habari nzuri ya kufunikia. Mpigie Jumapili akishatoka kanisani ametulia. Mwambie: "Baba, siku ile uliponiuliza matokeo nilikwambia mazuri, ni kweli ni mazuri, ila sio First Class. Nimepata 4.2, First inaanzia 4.4. Nilishindwa kukwambia kwasababu nilijua ulishawaambia watu wa jumuiya na nilikuonea aibu." Alafu nyamaza. Usianze kujitetea na taifodi, usiseme samahani mara kumi kama umeiba, mwache aongee. Huyo ni mtu aliesahihisha madaftari maisha yake yote, anajua alama ni nini kuliko mimi na wewe, na kwenye darasa lake alishakua na wanafunzi wengi waliopata 69.

Anaweza akanyamaza. Anaweza akasema "sawa" kavu kavu akakata simu, na wewe ukaona dunia imeisha. Mpe siku kadhaa. Wazazi wetu wengi walioshindwa kufika chuo kikuu wameiweka First ya mtoto kama kitu chao, na akikuta haipo nae ana msiba wake mdogo wa kuomboleza, hiyo haina maana hakupendi. Na watu wa jumuiya waachie yeye. Aliwatangazia mwenyewe, ataongea nao mwenyewe, sio kazi yako kulinda maneno ambayo hukuyasema. Kiukweli wengi wao walichosikia ni kwamba binti wa mwalimu kamaliza chuo kikuu, na hilo ni kweli.

Huyo rafiki yako mpokelee simu, leo. Mtu mliekaa chumba kimoja, akikuchemshia uji ulipokua na taifodi kama alikuchemshia, hajui kakukosea nini mpaka saivi. Mpongeze, na kama unaona wivu mwambie hata huo, "nimefurahi ila nimeumia pia", marafiki wa kweli wanaweza kulibeba hilo. Stetasi yake endelea kuimyuti kama inakuumiza, hiyo sio dhambi.

Mahafali nenda. Sio lazima upige picha mia wala ukodi ukumbi, ila vaa joho lako, simama jina la shahada yenu litakapotajwa. Ukishaongea na baba mpe tarehe mapema, maana Njombe mpaka Dar ni safari ya siku nzima na nauli kwa mstaafu inabidi ajipange nayo, na kama mna mazoea ya kumchangia wewe na ndugu zako anzeni mwezi huu.