Maji ya chini: maswali yenu ya wiki hii

Mmetuma mengi, nimechukua matano. Yale ya "fundi kanilia pesa" yatangoja.

Kisima chetu hapa Tororo kinakauka kila Januari. Kansela (diwani) anasema watatuchimbia kingine hapo hapo karibu. Kitasaidia?

Mama, kwanza muulize kansela maji yalikuwa mita ngapi chini wakati wa mvua na sasa ni ngapi, uone kama kuna mtu amewahi kupima. Sehemu kubwa ya Uganda imekalia mwamba wa zamani sana, hakuna ziwa huko chini, maji yamekaa kwa ile tabaka ya jiwe lililolainika na kwa nyufa za mwamba wenyewe, sasa ukichimba cha pili jirani unaweza kukuta vyote viwili vinanyonya ufa mmoja. Kama kinakosa maji kiangazi peke yake, huenda silinda ya pampu, ile sehemu ya kuvuta maji huko ndani, imetundikwa juu mno, maji yakishuka inabaki kuvuta hewa, na kuongeza paipu mbili tatu ni bei ndogo kuliko kuchimba. Kama hata wakati wa mvua yanatoka kidogo, basi ni paipu. Huku maji ya sehemu nyingi yana asidi kidogo, yanakula zile paipu za chuma za pampu ya mkono ya U2 mpaka zinatoboka, unapampu mkono unauma kumbe maji yanarudi chini njiani. Fundi azitoe nje muzione kwa macho.

Eti kuna projekti ya maji ya chini ya Elgon, sisi na Kenya. Ni kweli ama ni siasa? (Mbale)

Ni kweli. Nile Basin Initiative, ule ushirika wa nchi za Mto Nile wenye ofisi Entebbe, pamoja na UNDP ya Umoja wa Mataifa na pesa za GEF, mfuko wa mazingira wa dunia, walichukua sehemu tatu za maji ya chini ya ardhi zinazovuka mipaka: Elgon, Kagera (sisi, Tanzania, Rwanda na Burundi) na Gedaref-Adigrat ya Sudan na Ethiopia. Kazi yenyewe ni kujua maji yanaingilia wapi na yanaelekea wapi, ndio nchi zipange matumizi pamoja. Watu wanaiona ya makaratasi kwa sababu hakuna utepe wa kukata, lakini mimi nasema pesa ianzie hapo, maana mvua ya mlimani inalisha pande zote mbili, na udongo ukibaki uchi huko juu Bududa mvua inateremka yote na mto Manafwa, chini inaingia kidogo tu.

Mto wetu Kotido una maji siku chache halafu ni mchanga mtupu. Tufanyeje?

Fikirieni bwawa la mchanga, wenzetu wa Kitui na Machakos wanayo mengi. Mnajenga ukuta kukinga mto, mafuriko yanajaza mchanga nyuma yake, maji yanakaa ndani ya mchanga ambako jua haliyafikii na mengine yanazama kandokando. Si tayari mnafukua mchanga kiangazi kunywesha ng'ombe? Ila ukuta lazima ukalie mwamba, na mchanga uwe wa punje kubwa. Mto wa tope tupu, achana nao.

Nina kisima cha zamani kwa kiwanja, Kampala. Naweza kuelekeza maji ya paa humo?

Usimwage moja kwa moja bwana! Udongo ndio unachuja, ukiurukia umepeleka kinyesi cha ndege chini bure. Orange County kule California wanarudisha maji taka chini ya ardhi tangu 2008, lakini kwanza wanayachuja mara mbili na kuyapiga mwanga wa UV unaoua vijidudu. Wewe jaza tangi kwanza, ziada iende kwa shimo la kokoto na mchanga, mbali na kisima na mbali zaidi na choo. Na kwa vile choo cha jirani nacho kiko hapo ukutani, maji ya hicho kisima ni ya kufua tu.

Nikiweka mota kwa kisima changu lazima kibali? (Busia)

Lazima. Shimo ni lako, maji ni ya serikali, ndivyo sheria inavyosema. Pampu ya mkono haina shida, mota inataka kibali cha Wizara ya Maji. Na kampuni ya kuchimba iwe na leseni, usimalize kuwalipa kabla hawajakupa ripoti: kina, walipokuta maji, yanatoka kiasi gani kwa saa. Wengi wanaondoka na hiyo ripoti.