Majuto ya Mhusika Yasiishie kwenye Machozi

Dada mmoja anayeandika riwaya yake ya kwanza amenitumia ujumbe juzi. Mhusika wake aliuza kiwanja cha urithi kwa siri, ndugu zake wakabaki kupanga vyumba, na sasa miaka imepita. "Nimemliza sura nzima," anasema, "lakini wanaonisomea mswada hawamwonei huruma wala hasira. Nifanyeje?"

Dada yangu, mfute machozi kwanza. Mwenye hatia halii ovyo. Anayapanga maisha yake yote yasipite karibu na lile jambo, na hapo ndipo pa kumtafutia.

Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu mswada wangu uliokubaliwa mwezi huu uliwahi kukataliwa kwa sababu mhusika wake halii. Mhusika mkuu ni mama wa Tanga aliyemwacha binti yake mchanga kwa bibi, akaenda Muscat, Oman, kufanya kazi za ndani. Fedha anatuma kila mwisho wa mwezi bila kukosa. Ila binti akipewa simu, mama anauliza unga umefika bei gani, bibi anameza dawa zake, mabati yameshapigwa? Akisikia "Mama, unakuja lini?" anasema mtandao unakatika. Harusi ya binti anaigharamia mpaka mapambo, mwenyewe haji.

Mhariri wa kwanza alitaka niweke mbinu rejeshi, yaani kurudi nyuma kusimulia yaliyopita, mwanzoni kabisa, mama aeleze kwa nini aliondoka, kisha aombe radhi kwa magoti. Akaniambia mama huyu ni mkavu, wasomaji watamchukia. Nilikataa. Maneno yale yalinikaa kifuani muda mrefu, na hadi leo nikiyakumbuka yanauma. Lakini ukurasa ule wa simu sikuugusa, na mhariri wa sasa ameniambia ndio uliomfanya asome usiku kucha. Nimefurahi mno, wala sioni haya kusema.

Aliyenipa ujasiri ni Ngũgĩ wa Thiong'o. Riwaya yake A Grain of Wheat ya mwaka 1967 inasimulia siku za kuelekea uhuru wa Kenya, 12 Desemba 1963, katika kijiji cha Thabai. Inaanza na Mugo kalala chali kibandani, tone la maji linaning'inia darini juu yake, naye hawezi hata kujisogeza. Hatujui kosa lake. Wanakijiji wanakuja kumwomba ahutubie siku ya uhuru kwa kuwa ni shujaa. Ukimya wake wanauona ni unyenyekevu. Kumbe ndiye aliyemsaliti Kihika, mpigania uhuru wa kijiji hicho, kwa wakoloni, Kihika akanyongwa. Kila sifa anayopewa inamkaba koo, mpaka anasimama mbele ya umati na kusema mwenyewe.

Ila mimi nampenda zaidi Gikonyo, mhusika mwingine wa riwaya hiyo, na ndiye ninayetaka umsome kwa makini. Kizuizini mwa wakoloni alikiri kwamba alikula kiapo cha Mau Mau, ili arudi kwa mkewe, Mumbi. Sauti ya nyayo zake kwenye saruji, siku ile ya kukiri, haimwachi. Anarudi, anamkuta Mumbi ana mtoto wa Karanja, mwanamume wa kijiji hichohicho aliyewatumikia wakoloni. Hapigi kelele. Anajitosa katika biashara, ananunua mahindi na maharage wakati wa mavuno, anayauza bei ikipanda, na watu wanamsifu kwa bidii. Nyumbani hataki kulizungumzia suala la mtoto. Hawezi kumsamehe mkewe, maana yeye mwenyewe ana deni ambalo hajalitamka. Hatia yake imegeuka kuwa hukumu kwa mtu mwingine! Waandishi wengi tunapita hapo bila kuona.

Basi acheni kueleza majuto, wapeni kazi ya kufanya. Uamuzi wa zamani uamue leo mhusika anakula na nani, anamkwepa nani, anamkaripia nani bila sababu. Msituletee kurasa za "laiti ningejua". Mkimwogopa msomaji mtamweleza kila kitu, na mkimweleza kila kitu hatakuwa na la kutafuta.

Nawe dada, huyo muuza kiwanja, barabara ipi hapiti tena? Ndugu yake akimkopa, anaweza kusema hana? Mlete mdogo wake mlangoni usiku, kafungiwa chumba na mwenye nyumba kwa kodi, haombi chochote ila mahali pa kulala. Uandike ukurasa huo, unitumie.