Shangazi wa Uganda kuibiwa Busia upande wa Kenya

Dada, umeuliza kama shangazi yako, raia wa Uganda, aliyepigwa na kuporwa Busia upande huu wa Kenya, ana haki yoyote kwetu. Anayo. Sheria ya Kulinda Waathiriwa ya 2014 inamtaja mwathiriwa kuwa mtu yeyote aliyeumia au kupata hasara kutokana na kosa la jinai. Mtu yeyote, si Mkenya peke yake.

Kwa kuwa kosa limetendeka Kenya, aripoti Kenya. Achukue namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, na kwa vile amejeruhiwa aombe fomu ya P3, ile ya polisi ya kueleza majeraha, ijazwe na daktari. Asivuke mpaka kwenda kulala nyumbani kabla ya hapo, tafadhali. Huko ndiko kesi nyingi za mpakani hufia.

Wengi hawajui pia kwamba mwathiriwa si shahidi tu wa kuitwa na kusahauliwa. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu, katika kesi ya mauaji iliyoanzia Bungoma, ilisema mwathiriwa anaweza kushiriki katika kesi kupitia wakili wake, ingawa hawezi kugeuka mwendesha mashtaka wa pili. Anaweza kueleza jinsi alivyoathirika kabla adhabu haijatolewa, na kuomba fidia.

Naumia sana kuona mama wa soko akinyamaza kwa kudhani kitambulisho cha ng'ambo kinamfunga mdomo. Mpeleke wewe mwenyewe, usimwache aende peke yake. Na kama anatishwa, aseme siku hiyo hiyo, kwa sababu usalama wake nao umo ndani ya sheria hiyo.