Nikizinduka kwenye nusu kaputi itakuwaje?

SWALI: Dada nesi, wiki ijayo natolewa nyongo, ina mawe, na wameniambia ntapigwa nusu kaputi. Operesheni yenyewe siiogopi sana maana ntakuwa nimelala, kinachonikosesha usingizi ni kule kuzinduka. Mama alipofanyiwa yake alitoka anatetemeka na kulia mpaka tukajua kuna kitu kimeharibika. Ndo kawaida kweli?

JIBU: Pole mdogo wangu. Ni kawaida, na mama hakuharibikiwa. Dawa za usingizi zinavuruga namna mwili unavyotunza joto na theta, chumba cha operesheni, nako kuna baridi, kwa hiyo mtu anazinduka meno yanagongana, tunamfunika blanketi la joto, baada ya muda inatulia. Kulia nako ni dawa zinaishia kichwani. Wengine wanaongea maneno hayaeleweki kabisa, usione haya, hakuna wa kukucheka.

Utajikuta na maski ya oksijeni, dripu, kidude kimebana kidole na mkanda wa presha unaokaza mkono kila baada ya dakika chache. Koo linaweza kukuuma sababu ya mpira wa kupumulia uliowekwa umelala, siku chache linapona. Na kama wanakutoa nyongo kwa matundu madogo usishangae bega kuuma wakati aliyekatwa ni tumbo! Ni ile gesi wanayojaza tumboni ili waone vizuri, inasumbua kiwambo cha kupumulia, maumivu yanasikika begani.

Sasa hapa nisikilize. Nesi atakuuliza maumivu yako ni ngapi kati ya 0 na 10. Sema ukweli. Wengi wanajikaza, wanasema 2 huku jasho linawatoka, yakifika 9 ndo wanalia, na yakishapanda hivyo kuyashusha ni kazi kweli. Tena mwenye maumivu makali anaogopa kuvuta pumzi ndefu na kukohoa, makohozi yanabaki kifuani, nyumonia inapata njia. Kichefuchefu pia sema mapema, kabla hujatapika, dawa yake ipo.

Wengi wanakaa hapo kwenye chumba cha kuzindukia kama saa moja hivi, wengine zaidi, mpaka presha na pumzi vitulie ndo unapelekwa wodini. Ukiruhusiwa siku hiyohiyo uwe na mtu wa kukupeleka, usiendeshe gari kwa masaa 24 angalau. Na mama mwambie mapema, akiona umechelewa kutoka asianze kulia huko nje, mara nyingi operesheni imeisha kitambo, wewe upo kwetu tunakuangalia.